Video Inakwama Kutoka Diski ya Mtandao: Pima Kabla Hujanunua Rauta

Kisanduku cha diski, kile ambacho wengi wanakiita NAS na kinachogawa filamu nyumbani kupitia mtandao, kimekaa chumbani. Hapa tutakiita diski tu. Kisanduku cha kuchezea video kiko ukumbini nyuma ya TV. Kati yao kuna rauta, pengine na swichi ya mtandao. Filamu inaanza vizuri, ikifika dakika ya saba picha inaganda na kiduara kinazunguka. Wa kwanza kulaumiwa huwa kampuni ya intaneti, naye hapa hana kosa lolote. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zimetua Mombasa tangu 2009, lakini filamu iliyomo ndani ya diski yako haizipitii. Inatoka chumbani hadi ukumbini, basi. Kulipia kifurushi kikubwa zaidi hakutaiongezea hata chembe.

Ukitaka kujihakikishia, chomoa waya unaoleta intaneti kwenye rauta, rauta yenyewe ibaki imewaka, kisha cheza video. Ikikwama vilevile, tatizo liko ndani ya nyumba. Ila kama rauta na kisanduku cha faiba ni kitu kimoja, usiuguse uzi wa faiba. Ruka jaribio hili. Na kama unatumia Plex, programu ya kupanga filamu na kuzirusha kutoka kwenye diski, huenda ikadai uingie kwenye akaunti kwanza, kwa hivyo fungua filamu ndipo uchomoe.

Hatua ya 1: Ondoa mtandao kabisa

Hili ndilo jaribio linalookoa muda kuliko yote, na ndilo watu huliruka. Nakili video ileile inayosumbua kwenye flashi, uichomeke moja kwa moja kwenye kisanduku au TV. Flashi iwe imefomatiwa kwa exFAT au NTFS, maana FAT32 haipokei faili lililozidi GB 4.

Ikicheza bila kukwama, kisanduku na faili viko sawa, na mshukiwa ni njia ya mtandao au diski. Ikikwama hata kwenye flashi, acha nyaya na rauta zipumzike, soma dalili za hatua ya 2 kisha uruke hadi hatua ya 7. (Flashi mbovu ya bei ya kutupa inaweza kukudanganya hapa. Jaribu ya pili kabla ya kuhukumu.)

Hatua ya 2: Soma dalili

Kila ugonjwa una alama zake.

Picha inasimama mahali tofauti kila ukirudia, kiduara kinazunguka, kisha inaendelea: njia ni nyembamba au inayumba. Soma hatua ya 3 hadi ya 5.

Inasimama dakika ileile kila mara: faili limeharibika pale, au pale ndipo pana mapigano, moshi na mawimbi, vitu vinavyohitaji data nyingi kwa mpigo. Jaribio la flashi litakutofautishia.

Sauti inaenda sawa lakini picha inarukaruka kama maonyesho ya slaidi: kisanduku kinashindwa kuifasiri video. Visanduku vya zamani vinavyojua H.264 pekee, njia ya zamani ya kubana video, vikipewa HEVC ya biti 10, ambayo ni mpya zaidi, hufanya hivyo.

Picha safi, sauti hakuna: ni aina ya sauti, si mtandao.

Inachelewa sekunde tano hadi kumi mwanzoni, kisha hakuna shida tena: diski ilikuwa imelala. Si ugonjwa. Ikikukera, ongeza muda wa kulala kwenye mipangilio ya diski, kutoka dakika 10 hadi saa nzima.

Picha haisimami, lakini kamera ikipita taratibu kwenye mandhari unaona mtikisiko mdogo wa mara kwa mara: filamu nyingi zina picha 24 kwa sekunde na TV yako inaonyesha 60, hazigawanyiki sawasawa. Kwenye Kodi, programu ya kuchezea video, washa kipengele cha kulinganisha kasi ya skrini na ya video. Watu wamebadilisha rauta mbili kwa ajili ya hili.

Hatua ya 3: Jua filamu inadai kiasi gani, kisha pima njia

Kasi ya video huhesabiwa kwa megabiti kwa sekunde. Chukua ukubwa wa faili kwa GB, zidisha kwa 8,000, gawanya kwa sekunde za filamu. Filamu ya saa mbili (sekunde 7,200) yenye GB 12 inadai megabiti 13 hivi kwa sekunde. Ya GB 55 inadai 61. Huo ni wastani tu. Panapo vurugu inaweza kufika mara mbili yake. Kwa hivyo njia yako iwe na angalau mara mbili ya wastani, na isiyumbe.

Sasa pima njia. Njia sahihi ni iperf3, programu inayopima kasi kati ya vifaa viwili. Kwenye diski, au kwenye laptopu iliyounganishwa kwa waya kando ya diski, andika:

iperf3 -s

Upande wa pili, kwenye laptopu iliyochomekwa kwenye waya uleule unaoingia kwenye kisanduku, au iliyowekwa mbele ya TV kama unatumia Wi-Fi:

iperf3 -c 192.168.100.50 -R -t 60

Badilisha anwani iwe ya diski yako. Ile -R usiisahau: bila hiyo utapima data inayoenda kwenye diski, na wewe unataka inayotoka. Sekunde 60 zinatosha kuonyesha kama mstari umenyooka au unapanda na kushuka. Kuyumba ni kubaya kuliko upole. Megabiti 80 zisizobadilika ni bora kuliko 200 zinazoanguka hadi 5 kila nusu dakika.

Huna iperf3? Nakili faili la GB 4 kutoka kwenye diski hadi laptopu, ukiangalia saa. Sekunde 40 ni kama megabaiti 100 kwa sekunde, sawa na megabiti 800: njia ya gigabiti (megabiti 1,000 kwa sekunde) inafanya kazi. Sekunde 360 ni megabaiti 11, yaani megabiti 89. Ukipata namba iliyo karibu na hiyo, kumbuka: mahali fulani muunganisho umeshuka hadi 100. Wengi huchanganya megabiti na megabaiti, wakadhani 11 ni aibu au 89 ni ushindi. Megabaiti moja ni megabiti nane.

Hatua ya 4: Waya

Waya wa mtandao una nyuzi nane. Muunganisho wa megabiti 100 unatumia nne tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nane. Uzi mmoja tu wa pini 4, 5, 7 au 8 ukikatika au ukishika kutu, rauta haikwambii kitu: inashuka kimyakimya hadi 100 na maisha yanaendelea, mpaka siku utakapocheza filamu ya 4K.

Na kutu Mombasa si jambo la kusimuliwa. Hewa ya chumvi inaingia kila mahali, Nyali kama Likoni, na soketi iliyo karibu na dirisha la upande wa bahari huanza kuota ukungu wa kijani kwenye meno yake. Chomoa plagi, mulika kwa tochi ya simu. Meno yakiwa meusi au ya kijani, kata ncha ubane plagi mpya. Kusugua ni dawa ya siku mbili. Ukinunua plagi, chagua zenye meno yaliyopakwa dhahabu vizuri, na waya uwe wa shaba tupu. Ule wa aluminiamu iliyopakwa shaba ni mwepesi mkononi, ukiukwaruza kwa kisu ndani ni mweupe, na hukatika ovyo ukikunjwa.

Mpangilio wa rangi wa T568B, ukishika plagi kishikio chake kikiwa chini, meno juu, na waya ukielekea kwako, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili sawa. Usifumue jozi zaidi ya milimita 13 kutoka kwenye plagi.

Hapa pana mtego unaowapata hata mafundi. Mtu anapanga rangi anavyojua yeye, kila rangi na mwenzake zimefuatana, ncha zote mbili sawa. Kifaa cha kupimia kinawasha taa zote nane na kila mtu anaridhika. Lakini pini 3 na 6 zinatakiwa kuwa jozi moja iliyosokotwa pamoja, na kwa mpangilio huo zimetoka jozi mbili tofauti. Nyuzi zinavujishiana mawimbi, pakiti (vipande vya data) zinapotea, kasi inayumba. Taa haziwezi kuliona kosa hilo. Macho yako yanaweza, rangi zinaonekana ndani ya plagi.

Kujua muunganisho uko wapi, tazama ukurasa wa hali ya mtandao kwenye diski yako, au kama inakubali amri andika ethtool eth0 usome mstari wa Speed. Uwe 1000.

Jambo jingine: TV nyingi, hata mpya za bei kubwa, zina tundu la mtandao la megabiti 100 tu. Waya wako ukiwa mzima kabisa, bado hutavuka 94 hivi. Kwa filamu ya GB 12 hiyo ni nyingi. Kwa nakala ya 4K isiyobanwa upya, ambayo kwenye diski ya UHD Blu-ray inaweza kupita megabiti 100 kwa sekunde, haitoshi. Hapo kisanduku chenye tundu la gigabiti kinashinda TV yenyewe, au, ajabu kidogo, Wi-Fi ya GHz 5 ya TV hiyohiyo ikiwa rauta iko chumba kimoja nayo.

Waya uliopitishwa juu ya paa au kutoka nyumba moja hadi nyingine uwe wa nje, wenye ganda jeusi linalostahimili jua. Ule wa kijivu wa ndani hupasuka juani, maji ya mvua ya masika yakaingia, nawe utadhani swichi imekufa.

Hatua ya 5: Wi-Fi na kuta

Kanuni ya kwanza: diski iunganishwe na rauta kwa waya daima. Diski ikiwa kwenye Wi-Fi na kisanduku nacho kwenye Wi-Fi, kila pakiti inapita hewani mara mbili, na kasi inakatika nusu kabla hujaanza.

Ya pili inahusu ukuta. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wake mara nyingi unafika nusu mita. Mawimbi ya GHz 5 yakipita ukuta mmoja wa namna hiyo yamechoka, mawili, yamekwisha. GHz 2.4 inapenya zaidi lakini ni nyembamba, na jioni majirani wote wako humo. Ndiyo maana video inayokwenda vizuri saa tano asubuhi inakwama saa mbili usiku.

Kama huna budi kutumia 2.4, ingia kwenye rauta uchague chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wameiacha, na upana wa MHz 20. Usiiachie rauta ijichagulie, na usiweke 3 au 8 ukidhani umejificha katikati. Utapokea kelele za pande mbili. Kwa GHz 5, anza na chaneli 36 na upana wa MHz 80. Toa rauta ndani ya kabati, nyuma ya TV au juu ya friji. Chuma na mawimbi havipatani.

Vile vidude vya kurefusha Wi-Fi vinavyochomekwa ukutani vingi vinapokea na kurusha kwa redio moja, kwa hivyo vinaonyesha vijistari vitano huku kasi imeanguka nusu. Mita 15 za waya zilizopitishwa kwenye ngazi au juu ya fremu ya mlango ni rahisi kuliko vidude viwili, na hakuna haja ya kutoboa ukuta wa matumbawe ambao ukianza kubomoka haujui kuacha. Pasipo njia ya waya, adapta za kupitisha mtandao kwenye nyaya za stima husaidia, mradi zichomekwe ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, ambayo huyachuja mawimbi yake.

Hatua ya 6: Kisanduku hakiioni diski kabisa

Angalia anwani. Diski ikiwa 192.168.100.50 na kisanduku 192.168.0.12, viko mitaa miwili. Hutokea pale ulipochukua rauta yako mwenyewe ukaichomeka nyuma ya ile ya kampuni ya faiba. Weka rauta ya pili kwenye hali ya access point, yaani irushe Wi-Fi tu bila kuunda mtaa wake. Isipokuwa na hali hiyo, ipe anwani iliyo ndani ya mtaa wa ile ya kwanza lakini isiyotumiwa na kifaa kingine, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), kisha hamisha waya kutoka tundu la WAN hadi moja la LAN. Hakikisha pia kisanduku hakiko kwenye Wi-Fi ya wageni. Hiyo imewekwa makusudi isione vifaa vya nyumbani. Halafu iwekee diski anwani ya kudumu kwenye rauta, la sivyo stima ikikatika na kurudi diski itaamka na anwani nyingine.

Mtaa ukiwa mmoja na bado hakuna kitu, tazama lugha ambayo vifaa hivyo hutumia kupeana faili. Visanduku vya zamani vinajua SMB toleo la 1 tu, na Windows na diski za kisasa zimeliacha. Usiliwashe upya. Virusi vya WannaCry vya 2017 vilipita kwenye mlango huohuo. Washa NFS, lugha nyingine ya aina hiyo, kwenye diski, ukiruhusu anwani ya kisanduku kusoma tu, au tumia DLNA. Kwenye Kodi njia ya NFS inaandikwa hivi, ukiweka jina la folda yako:

nfs://192.168.100.50/volume1/filamu

Hatua ya 7: Sauti, maandishi ya chini, na diski inayotokwa jasho

Ukitumia Jellyfin au Plex, fungua ukurasa wake wa usimamizi wakati filamu inacheza. Utaona kama inachezwa moja kwa moja au inabadilishwa papo kwa papo. Ikiwa inabadilishwa, na kisanduku chako cha diski kina prosesa ndogo, umempata mwizi: prosesa iko asilimia 100 na bado haimalizi sekunde moja ya video ndani ya sekunde moja.

Kinacholazimisha mabadiliko mara nyingi si picha. Ni sauti ya DTS, ambayo TV za Samsung za kuanzia 2018 hazichezi, au maandishi ya chini ya aina ya PGS, ambayo ni picha na inabidi yachomwe ndani ya video. Zima maandishi ujaribu. Ikitulia, tafuta ya SRT, ambayo ni maandishi matupu, uyahifadhi kwa UTF-8. Sauti ibadilishe mara moja tu kwa programu ya ffmpeg kwenye kompyuta, picha ikibaki ilivyo:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k filamu-mpya.mkv

Kwa kuwa picha inanakiliwa tu, laptopu ya kawaida inamaliza kwa dakika chache. Usifute ya zamani mpaka umesikiliza ya pili mwanzo, kati na mwisho.

Hatua ya 8: Diski yenyewe

Tazama kwanza inafanya nini kingine. Inapiga nakala ya akiba, inatengeneza vijipicha vya maelfu ya picha za harusi, inapakua? Sogeza kazi hizo saa nane usiku. Kisha fungua ripoti ya SMART, ile ya afya ya diski, usome namba 5, 197 na 198. Zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka, nakili vitu vyako leo, filamu itasubiri. Namba 199 ikipanda, diski ni nzima lakini waya wake wa data umelegea.

Joto nalo. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, chumba kisicho na feni kinaifikisha diski mahali pabaya. Ukisoma nyuzi 50 na kuendelea, itoe kwenye kabati, iachie sentimita 10 nyuma, safisha vumbi kwenye feni. Mafuta ya kupikia yanayoelea kutoka jikoni hugandisha vumbi hilo kama utando, kwa hivyo brashi kavu haitoshi. Angalia pia adapta ya umeme: sisimizi wanapenda uvuguvugu wake, na diski inayojizima bila sababu wakati mwingine sababu inatembea kwa miguu sita. UPS ndogo (betri ya akiba) kwa diski na rauta pamoja inastahili pesa yake.

Hatua ya 9: Bufa, mwisho kabisa

Watu hukimbilia hapa kwanza. Bufa, akiba ya video iliyosomwa mapema, ni kama uwanja wa kusubiria pale Likoni: unawapanga watu feri ikichelewa, lakini hauongezi feri. Njia yako ikiwa inayumba, bufa itaficha mapengo. Ikiwa nyembamba kuliko filamu, itachelewesha tu dakika ya kukwama. Kwenye Kodi toleo la 21 la 2024 mipangilio imo kwenye Services, sehemu ya Caching. Weka MB 64. Kwa filamu ya megabiti 61 hizo ni sekunde nane hivi za akiba. Kwenye kisanduku chenye RAM ya GB 1 usizidishe, kitajifunga chenyewe.

Ukishatengeneza, cheza faili zito kuliko yote uliyo nayo kwa dakika ishirini, mara moja mchana na mara moja saa mbili usiku majirani wakiwa hewani. Andika namba za iperf3, tarehe, chaneli na anwani ya diski kwenye kipande cha karatasi, ukibandike chini ya rauta.